Wawili walipita, wa tatu akaondoka na mlima

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anapakia mizigo kwenye maboti ya Kibirizi, hapa Kigoma, na boti ikichelewa hukaa kivulini na simu yake. Desemba iliyopita nilimpitia mchana, dagaa wakiwa wameanikwa kila mahali, akanivuta mkono nione video. Marafiki watatu wako juu ya mlima mweupe, mkali kama paa la kanisa, wamevaa miguuni zile mbao ndefu nyembamba ziitwazo skii. Wa kwanza anashuka akikata kona huku na huku, theluji ikiruka nyuma yake kama vumbi la unga, anafika chini na kuinua mkono. Wa pili naye anafika. Wa tatu anaanza, anakata kona mbili, na ghafla ufa unakimbia juu yake kutoka upande hadi upande, mlima unavunjika mapande makubwa kama kioo cha dirisha, na vyote vinaondoka naye.

"Kaka," akaniuliza, "wenzake wawili wamepita hapohapo. Theluji ni ileile, uzito wao karibu uleule. Kwa nini imeng'oka kwa huyu?"

Nafundisha jiografia sekondari, na sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamtafutia. Likizo ile nzima nilisoma juu ya theluji, mimi ambaye sijawahi kuigusa, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba swali lake lina majibu mawili. La kwanza liko ndani ya theluji yenyewe. La pili liko kati ya marafiki, na hilo lilinigusa kwa sababu nitakayoieleza, maana lilinirudisha kwenye kilima kimoja juu ya ziwa letu.

Tuanze na kile watu wale wanachokifanya. Wengi tunapoona skii kwenye televisheni tunaona viwanja vyake rasmi, ambako kuna nyaya zinazovutwa kwa mashine na kupandisha watu wakiwa wamekaa kwenye viti, njia zimeshindiliwa kwa mashine, na wafanyakazi huamka usiku kulipua kwa baruti miteremko inayotishia, ili iporomoke kabla wageni hawajafika. Marafiki wa kwenye video hawakuwa huko. Walikuwa kwenye milima mitupu, ambako hakuna aliyepita kukagua. Hupanda kwa miguu yao. Chini ya skii hubandika utepe wenye manyoya yaliyolala upande mmoja: ukisukuma mbele unateleza, ukirudi nyuma manyoya yanasimama na kushika. Zamani ulikuwa ngozi ya sili, mnyama wa baharini, siku hizi ni manyoya ya mbuzi au nailoni, lakini jina la ngozi limebaki. Kisigino huachwa huru wakati wa kupanda, kisha hufungwa wakati wa kushuka.

Wenye pumzi nzuri hupanda mita 300 hadi 400 kwa saa. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Nkungwe kule Mahale kina mita 2,462. Kama mteremko wote huo ungekuwa mweupe na mtupu, ungewachukua muda wa saa nne hadi sita kutoka ufukweni hadi kileleni, na kushuka pengine nusu saa. Huondoka alfajiri ya giza, wakati theluji bado imekaza kwa baridi, kwa sababu jua likishaipiga huwa kitu kingine. Kwa siku nzima ya jasho hupata dakika chache za kuteleza, na wanaoifanya husema dakika hizo zinalipa. Hapa Tanzania nako kuna aliyewahi kujaribu: mwaka 1912, mwaka uleule reli ya kati ilipofika Tabora, Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kilimanjaro na skii zao wakateleza huko juu. Moja ya barafu za kileleni bado inaitwa Furtwängler, ingawa imenyauka sana.

Sasa theluji yenyewe. Sisi tusioijua tunadhani ni kitu kimoja cheupe kilichorundikana. Kumbe mlima wa theluji ni kama ukuta uliojengwa na mafundi tofauti, kila mmoja na udongo wake. Theluji ya Novemba iko chini, ya Desemba juu yake, ya wiki iliyopita juu yake tena, na kila moja ilianguka kwenye baridi yake na upepo wake. Nyingine hushikana na iliyo chini yake. Nyingine hazishikani kamwe.

Mbaya kuliko zote ni ile ambayo wenyewe huiita theluji ya sukari. Inatokea hivi. Ardhi chini ya theluji huwa karibu na nyuzi joto 0, lakini juu, usiku usio na mawingu, baridi inaweza kushuka hadi 20 chini ya sifuri. Mvuke hupanda kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, ukipita katikati ya chembe, na tofauti ikizidi nyuzi moja kwa kila sentimita 10, chembe zile huanza kubadilika umbo. Vishikizo vilivyoziunganisha huliwa, na zinabaki punje kubwa zenye pembe, kavu, kila moja peke yake. Ukizishika mkononi haziwi donge. Kwetu mfano wake ni chumvi ya mawe ya Uvinza: jaribu kuifinyanga ikiwa kavu, itamwagika yote katikati ya vidole. Kuna na ndugu yake, mvuke wa hewa ya usiku unaoganda juu ya theluji na kuota kama manyoya membamba ya barafu. Waliouona wanasema unapendeza sana kwenye jua la asubuhi. Lakini ukifunikwa na theluji mpya kabla upepo haujauvunja, unabaki humo ndani umesimama kama nguzo elfu ndogo chini ya dari, na unaweza kukaa hivyo majuma mengi.

Juu ya tabaka kama hilo huja upepo. Upepo huchota theluji upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuilaza upande wa pili, chembe zikiwa zimesagika ndogo, na zile ndogo hushikana vizuri, zikawa bamba. Bamba ni gumu, linabeba mtu, ukilipiga kwa fimbo linalia kama ngoma. Anayesimama juu yake anajiona yuko imara kuliko wakati wowote. Hapo ndipo nilipomwelewa mtu wa kwenye video: hakuwa mjinga. Alikuwa amesimama juu ya kitu kigumu kilicholala juu ya chumvi.

Maneno hayakumtosha mdogo wangu, kwa hiyo tulifanya jaribio uani kwa mama mdogo. Tulichukua ubao wa mita moja, tukaupigilia gunia la katani juu. Tukamwaga unga wa muhogo moja kwa moja kwenye gunia, tukaushindilia kwa kiganja, tukaanza kuinua ubao upande mmoja. Unga ulishika. Tuliinua hadi ukawa karibu kusimama ndipo ukaanza kudondoka vipandevipande. Tukafuta. Mara ya pili tulinyunyiza kwanza chumvi ya mawe, tabaka jembamba tu, kisha unga juu yake, tukashindilia vilevile. Kwa macho, unga wa mara zote mbili ulikuwa sawa: mweupe, laini, mzuri. Tukainua polepole, na pembeni nilikuwa nimefunga kipimapembe cha mwanafunzi chenye uzi na kokoto. Ilipokaribia digrii 35 nikamwambia aguse kwa kidole.

Aligusa katikati. Kimya. Akagusa juu kidogo. Kimya. Akagusa karibu na ukingo, mahali ambapo mkono wangu ulikuwa umeweka unga mwembamba, na ufa ukakimbia upana wote wa ubao, unga ukaondoka mzima kama mkeka unaovutwa. Tulirudia mara nne. Mara mbili uliteleza wenyewe kabla ya kidole. Lakini ile mara ya kwanza mdogo wangu alinitazama bila kusema kitu, kwa sababu swali lake lilikuwa limejibiwa mbele yake na kidole chake mwenyewe.

Theluji haina unene mmoja. Kuna jabali limejificha chini, kuna kichaka, kuna ukingo ambako upepo ulikomba, na hapo bamba ni jembamba. Mtu akipita palipo nene, mita moja na zaidi, uzito wake husambaa ndani ya bamba na hauifikii chumvi iliyo chini. Wa kwanza alipita hivyo. Wa pili akapita mita chache pembeni, naye vilevile. Wa tatu, akitafuta theluji ambayo haijachorwa na wenzake (na ndiyo raha ya mchezo wenyewe, kila mtu anataka mstari wake), alipita palipo pembamba, uzito wake ukafika chini, nguzo chache zikavunjika. Zikishavunjika chache, zilizo jirani zinabeba mzigo usio wao, nazo zinavunjika, na mvunjiko huo unakimbia ndani ya lile tabaka dhaifu makumi ya mita kwa kila sekunde, chini ya miguu yake na mbali kabisa naye. Anapouona ufa juu yake, mlima umeshakatika zamani. Wakati mwingine mtu huwa hata hayuko kwenye mteremko: anatembea tambarare chini yake, anavunja nguzo hapo alipo, mvunjiko unapanda, na mlima unamshukia kutoka juu.

Basi kupita salama kwa wawili hakukuthibitisha lolote kuhusu mlima. Kulionyesha mahali walipokanyaga wao, basi.

Na uzito unaoondoka si wa mchezo. Chukua kipande kidogo, mita 50 kwa mita 50, unene nusu mita, theluji yenye kilo 200 kwa kila mita ya ujazo. Nimepiga hesabu na wanafunzi wangu: ni tani 250. Ni malori zaidi ya manane ya tani 30, yaliyojaa, yakishuka pamoja na mtu mmoja katikati, na katika sekunde chache mwendo unaweza kupita kilomita 100 kwa saa.

Mteremko gani hufanya hivyo? Hapa wataalamu wana namba ninayoipenda kwa uwazi wake. Chini ya digrii 30 mabamba huteleza kwa nadra, mvuto hautoshi. Juu sana, kupita digrii 50 na kitu, theluji haikai, inamwagika kidogokidogo kila inaponyesha. Katikati, digrii 30 hadi 45, ndipo hatari inapokaa, na mengi zaidi hutokea karibu na 38. Ngazi za nyumba ya ghorofa huwa na digrii 30 na kitu. Fikiria mkali kidogo kuliko hizo. Ubaya ni kwamba ukimuuliza mtu wa skii mteremko gani unampendeza, atakutajia hizohizo. Ndiyo maana wengi wao hubeba kipimapembe mfukoni, na ndiyo maana siku mbaya dawa yao ni rahisi kuisema: bakini kwenye miteremko iliyo chini ya 30, na msisimame chini ya iliyo zaidi.

Wana njia nyingine za kuuliza mlima. Huchimba shimo hadi chini, hukata mnara wa theluji wa sentimita 30 kwa 30, huweka koleo juu yake na kulipiga: mara 10 kwa kiganja kinachocheza kwenye kifundo, mara 10 kuanzia kiwiko, mara 10 kuanzia bega. Mnara ukikatika mapema na kipande cha juu kikateleza safi, hiyo ni habari mbaya. Husikiliza pia. Kuna sauti nzito, kama gunia la mchele lililodondoshwa chumba cha pili, nayo ni tabaka dhaifu likiporomoka chini ya bamba lote. Huangalia nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ncha za skii. Huangalia kama theluji nyingi imeanguka jana, kama upepo umehamisha, kama joto limepanda ghafla. Shimo lenyewe linasema juu ya pale lilipochimbwa tu, na wataalamu hulirudia hilo kila mara: shimo zuri haliruhusu mlima mzima, lakini shimo baya linatosha kukurudisha nyumbani.

Kule Uswisi watafiti walianza kufanya kazi mwaka 1936 kwenye kibanda cha kuchunguza theluji juu ya mji wa Davos, mahali paitwapo Weissfluhjoch, na leo nchi za Ulaya zenye milima hiyo hutoa kila siku, majira ya baridi, taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kwa kipimo cha ngazi 1 hadi 5. Mtu angedhani vifo vingi viko ngazi ya 5. Haviko huko. Ngazi ya 4 na 5 watu hubaki ndani, milima inanguruma yenyewe. Sehemu kubwa ya vifo hutokea ngazi ya 3, ile ya katikati, ambapo mlima umekaa kimya, jua linawaka, theluji ni mpya, na unangoja tu mtu wa kuugusa. Katika ajali tisa kati ya kumi, bamba lililomuua mtu liliamshwa na yeye mwenyewe au na mwenzake.

Akishafunikwa, saa ndiyo hakimu. Theluji ikisimama hukaza kama zege. Hata mkono ulio mbele ya uso hausogei. Wanaotolewa ndani ya dakika 10 wengi huwa hai. Ikipita nusu saa, anabaki hai takriban mmoja kati ya watatu. Hakuna helikopta inayofika ndani ya dakika 10. Kwa hiyo mwokozi wako ni rafiki uliyekuja naye, na hakuna mwingine. Kila mmoja hubeba vitu vitatu: redio ndogo kifuani inayotuma mlio kwenye masafa ya kilohezi 457, ufito mrefu unaokunjwa wa kuchomea hadi uguse mwili, na koleo. Redio hizo zilianza mwaka 1968. Kabla yake watu walikokota kamba nyekundu ndefu, wakitumaini kipande chake kitabaki juu.

Kuna na mfuko wa hewa mgongoni, ambao ukivuta kishikio hujaa kama puto. Nilishangaa sana nilipoelewa unavyofanya kazi, kwa sababu ni jambo ambalo kila mama wa Kasulu analijua. Tikisa debe la maharage yaliyochanganyika makubwa na madogo, makubwa yatakuja juu, kwa kuwa madogo hupenya chini yao. Theluji inayoporomoka nayo inatikisika, na mtu aliyefanywa mkubwa na puto hupanda juu. Unasaidia, lakini haumkingi mtu na miti wala majabali. Takriban robo ya wanaokufa huuawa na kugongwa, hawafiki hata kwenye kukosa hewa.

Mpaka hapo ni fizikia, na ningeweza kuishia hapo. Lakini jibu la pili la swali la mdogo wangu ndilo lililonikosesha usingizi.

Mtafiti wa Marekani, Ian McCammon, alikusanya ajali 715 za watu waliokwenda milimani kwa kujifurahisha, kutoka 1972 hadi 2003, akauliza jambo ambalo wengine hawakuuliza: dalili zilikuwepo? Zilikuwepo, mara nyingi nyingi na za wazi. Wengi wa waathirika walikuwa na mafunzo pia. Kilichowapoteza hakikuwa kutojua. Zilikuwa njia za mkato za akili, zile tunazozitumia sokoni na barabarani kila siku na zikatufaa. Hapa tumeshapita mara nyingi. Tumetoka mbali, turudi vipi sasa? Yule mbele ni mzoefu, anajua. Wenzangu wataniona mwoga. Kundi lile pale linapita. Tusipoteremka sisi, wengine watauharibu mstari. La mazoea lilikuwa zito kuliko nilivyotegemea: waliosoma, wakiwa kwenye eneo wanalolijua, walijitia hatarini karibu sawa na ambao hawakuwahi kusoma chochote. Wazee wetu walisema mazoea yana taabu.

Tarehe 19 Februari 2012, jimbo la Washington, watu 16 walipanda nyuma ya uwanja wa Stevens Pass ili washuke korongo la Tunnel Creek. Theluji mpya ilikuwa nyingi. Walikuwemo watu waliobobea kwenye skii, na wenyeji waliolijua korongo lile. Baadaye baadhi ya walionusurika walieleza kwamba waliona kundi ni kubwa mno, walihisi kitu tumboni, na hawakusema. Nani aseme, mbele ya watu 15 anaowaheshimu? Bamba lilikatika, likaingia kwenye korongo jembamba, watatu wakafa. Mwingine aliyevutwa hadi chini alikuwa na mfuko wa hewa, akatoka hai.

Niliposoma hayo niliweka kitabu cha maandalio pembeni nikatoka nje, kwa sababu mimi pia niliwahi kuhisi kitu tumboni na sikusema.

Ilikuwa Aprili, miaka michache nyuma. Tulikuwa sita, wote wa timu moja ya mpira ya mtaani kwetu Mwanga, tuliozoea kuchukua boti Kibirizi mwisho wa wiki hadi Mwamgongo, kaskazini ya Gombe, na kupanda vilima vilivyo nyuma ya kijiji. Asiyevijua asidhani ni vilima vya kawaida. Vinaanzia majini na kwenda juu moja kwa moja, na sehemu nyingi miti ilishakatwa ikabaki nyasi na mihogo. Upande wa hifadhi msitu bado umeshika. Ukifika mgongoni unaiona Kongo ng'ambo, milima ya bluu, na ziwa limelala kama bati jipya. Tulishapanda mara tano.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku mbili mfululizo. Wakati wa kushuka tulikata njia kupitia shamba la mihogo lililoachwa, mkali, pengine digrii 35, sijui, sikuwa na kipimapembe. Juu ya shamba niliona ufa kwenye udongo, umejipinda kama mwezi mchanga, upana wa kidole, na maji yakitoka chini ya kijiwe. Ninafundisha kitu hicho. Ninakichora ubaoni kila mwaka, kidato cha tatu: ufa wa juu, udongo uliolowa, tabaka linaloteleza. Wawili walikuwa wameshafika chini, wanatupungia. Aliyetuongoza ni mzaliwa wa pale. Boti ilikuwa inaondoka saa tisa. Nikafunga mdomo.

Wa tatu alipita. Wa nne alikuwa rafiki yangu, fundi pikipiki, mtu mzito kidogo, anayecheka kwa sauti. Udongo uliondoka naye mita kumi hivi, yeye na mihogo, ukamtupa kwenye jiwe. Mfupa wa mtulinga ulivunjika. Njia yote kwenye boti alishika mkono wake kwa mkono mwingine, kila wimbi likimpiga, na hakulalamika hata mara moja, na mimi nilikaa mbele yake nikijua kwamba niliuona ule ufa. Nilimwambia baada ya miezi miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema angetaka ningemwambia pale juu.

Theluji na udongo si kitu kimoja, na nisingependa msomaji achanganye. Kwenye udongo mhusika mkuu ni maji, yanayoingia na kunyanyua chembe zisishikane, na mvua ikizidi mlima hauhitaji mtu wa kuugusa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, na Watanzania zaidi ya 80 walikufa, wengi wakiwa nyumbani kwao. Hao hawakuchagua mteremko. Ninachosema kinawahusu wale wanaochagua, walio pamoja, wenye nafasi ya kusema.

Watu wa skii wamejitungia utaratibu kwa ajili ya nafasi hiyo. Makundi makini huzungumza asubuhi, kabla ya kuvaa viatu: leo miteremko ipi hatuigusi kabisa, hata tukifika na kuiona inavutia. Uamuzi hufanywa wakati hakuna aliyechoka wala kupandwa na hamu. Kisha wanashuka mmojammoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama, ili mlima ukiondoka uondoke na mmoja na wabaki wa kumchimba. Na yeyote akisema hapana, wote wanarudi. Haulizwi atoe hoja. Mgeni wa kundi ana sauti ileile ya mzoefu, kwa sababu huenda ndiye pekee ambaye macho yake hayajazoea.

Sisi tumeichukua hiyo ya mwisho. Machi mwaka huu tulirudi Mwamgongo, fundi akiwemo, mkono umepona ingawa hauinuki vizuri, na safari hii mdogo wangu alikuja. Tulipofika chini ya mteremko wa mwisho, mvua ya usiku bado inachuruzika, alisimama akasema, "Kaka zangu, mimi sipandi hapa." Hakueleza kwa nini. Kulikuwa na ukimya mfupi, watu wakitazamana, kisha fundi akageuza begi lake na kuanza kushuka, nasi tukamfuata. Saa nane tulikuwa Kibirizi tunakula migebuka na ugali wa muhogo.

Ule mteremko haukuporomoka. Nimepita na boti mara mbili tangu siku hiyo, nikautazama, uko palepale na mihogo yake. Mara ya mwisho mdogo wangu alikuwa pembeni yangu, ameegemea magunia, naye akautazama muda mrefu. Akaniuliza kama tungeweza kupita. Nikamwambia huenda wawili wetu wangepita.